Nimeokoka, au Nimeokolewa? Hotuba kwa Washarika Juu ya Maana ya Wokovu

Bwana Yesu asifiwe. Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wainjilisti, mama zangu wa umoja wa wanawake, vijana wa kwaya zote mbili, nawasalimu kwa jina la Bwana wetu. Na ninyi ndugu zetu Wakatoliki mliovuka barabara kuja kutusikiliza jioni hii, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa saa moja kuzungumza juu ya maana ya wokovu. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mwingine, lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya kwanza, kijana mmoja wa kwaya alinisubiri karibu na mnara wa kengele akiwa bado ameshika kitabu chake cha nyimbo, akaniuliza swali lililonifanya niuache utangulizi ule nyumbani. Alisema: "Mwalimu, tumemzika bibi yangu mwezi uliopita. Alibatizwa akiwa msichana, alikuja kanisani hadi miguu ilipokataa, lakini kila alipoulizwa kama ameokoka alijibu kwamba hayo tutayajua siku ya mwisho. Sasa kule msibani mhubiri mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba asiyekiri kuokoka amekwenda motoni. Bibi yangu yuko wapi?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba aje leo, na ninamwona ameketi benchi la tatu. Yote nitakayosema ni jibu kwake, ingawa nitazunguka kidogo kabla ya kufika.

Swali lake lina historia ndefu kati yetu. Tangu Uamsho, ile harakati ya toba na ushuhuda, ulipopita katika makanisa ya Afrika Mashariki, kumekuwa na kambi mbili zinazoishi katika usharika mmoja, na mara nyingi katika nyumba moja, zikila chungu kimoja. Kambi ya kwanza husema, "Nimeokoka," na wengi wao wanaweza kukutajia mwaka, siku, na hata wimbo uliokuwa ukiimbwa saa ile. Kambi ya pili husema, "Hakuna kuokoka duniani," wakimaanisha kwamba mwanadamu akingali katika mwili huu ni mwenye dhambi, na kujitangaza kuwa umeokoka ni kujipa hukumu nzuri kabla ya Hakimu kuketi. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa Wakristo wa jina, na wa pili huwaona wa kwanza kuwa watu wa kujikweza. Nimelelewa katikati ya kambi hizo. Baada ya miaka mingi ya kuzisikiliza ninaamini kwamba kila moja imeshika kweli ambayo nyenzake imeiachia idondoke, na kwamba wote wanashiriki kosa moja: wanapozungumza juu ya wokovu, humtazama aliyeokolewa kwa muda mrefu kuliko wanavyomtazama aliyemwokoa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapa Kiswahili chetu kinafundisha theolojia bila sisi kutambua. Kutokana na kitenzi okoa tunapata okolewa, na tunapata pia okoka. Mtu akisema, "Mvuvi ameokolewa," masikio yetu husubiri neno "na": ameokolewa na nani? Lakini akisema, "Mvuvi ameokoka," habari imekamilika, na hakuna anayeuliza zaidi. Ni umbo lile lile la vunjika, funguka na chanika: linatuonyesha hali iliyotokea, na linamficha mtendaji. Kikombe kikivunjika, watoto wote wa nyumba hiyo wanalijua umbo hili na wanalipenda, maana halimtaji aliyekivunja. Huwezi kusema "nimeokoka na Yesu" ukaeleweka kwamba Yesu ndiye aliyekuokoa. Lugha yenyewe inakataa, na utaonekana unasema kwamba wewe na Yesu mmeokoka pamoja kutoka katika ajali fulani.

Sisemi kwamba neno kuokoka ni baya. Biblia yetu inalitumia mahali pengi, na mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza kwa neno hilo hilo: "Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Lakini tunapolitumia peke yake miaka nenda miaka rudi, katika salamu, katika ushuhuda, hata katika kuulizia sifa za mchumba, linaanza kusikika kama cheo cha mtu, kama vile kusema fulani amesoma au fulani ameoa. Mwokozi anatoka nje ya sentensi pole pole, na mwisho anabaki mtu na hali yake nzuri.

Mtume Paulo hakumwacha atoke. "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya neno "mmeokolewa" ni cha kutendwa, na kinaeleza jambo lililokwisha kufanyika ambalo matokeo yake yangalipo wakati wa kusema. Watafsiri wetu hawakuhangaika kutafuta namna ya kulieleza hilo, kwa kuwa Kiswahili kina kiambishi -me- ambacho hufanya kazi hiyo hiyo: mlango umefungwa, yaani ulifungwa na hadi sasa haujafunguliwa. Tena Paulo aliwaandikia hayo watu waliokuwa hai, wenye waume na wake, watumwa na mabwana, watu ambao sura mbili mbele anawaambia mwivi asiibe tena. Kwa hiyo ndugu zangu wanaosema hakuna kuokoka duniani, nawaheshimu kwa hofu yao ya majivuno, lakini andiko hili linawakatalia.

Hata hivyo, mtume huyo huyo aliwaandikia Wakorintho juu ya "sisi tunaookolewa," kana kwamba kazi bado inaendelea, akawaandikia Warumi kwamba tukiisha kupatanishwa na Mungu "tutaokolewa katika uzima wake," kana kwamba kazi bado iko mbele. Katika waraka huo wa Warumi anasema tena kwamba wokovu wetu sasa "u karibu nasi kuliko tulipoanza kuamini." Kitu kinachokaribia hakijafika chote. Mvuvi aliyeopolewa majini, akalazwa chini ya mtumbwi akitapika maji, ameokolewa kweli, na mtu akimwambia hajaokolewa atakuwa anamtukana aliyemwopoa. Lakini bado anatetemeka kwa baridi, pwani iko mbali, na anayepiga kasia si yeye. Akisimama ndani ya mtumbwi na kuanza kuwacheka walio majini, nahodha atakuwa na haki ya kumkalisha chini.

Sasa, tunaokolewa kutoka katika nini? Malaika alimwambia Yusufu kwamba mtoto ataitwa Yesu, "maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao." Jina hilo kwa Kiebrania lina maana ya kwamba Bwana huokoa, na kwa Wayahudi waliolisikia lilibeba kumbukumbu ya Bahari ya Shamu, pale Musa alipowaambia watu waliobanwa kati ya maji na magari ya Farao, "Msiogope, simameni tu, mkauone wokovu wa BWANA." Wokovu wa kwanza wa Israeli ulikuwa ni miguu iliyotoka katika nchi ya utumwa, na vyombo vya kukandia unga vilivyobebwa mabegani kabla unga haujachachuka. Malaika hakulifuta hilo. Alilipeleka ndani zaidi, hadi kwa Farao aliye moyoni, yule anayemfanya mtu amwone Mungu kuwa adui na jirani yake kuwa chombo cha kutumiwa.

Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona mpaka aonyeshwe. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 aliambiwa na Yesu, "Binti, imani yako imekuponya." Mwanamke mwenye dhambi aliyelia miguuni pake nyumbani kwa Simoni Farisayo aliambiwa, "Imani yako imekuokoa." Tunasoma kuponya na kuokoa, maneno mawili; katika Kigiriki ni neno moja, na sentensi ni ile ile. Watafsiri walifanya vyema kuchagua kulingana na habari, lakini tunapaswa kujua kwamba mwinjilisti hakuwa na sanduku moja la mwili na jingine la roho. Yule wa kwanza alirudishiwa afya, na pamoja nayo akarudishiwa haki ya kuguswa, kwa maana kwa sheria ya wakati ule alikuwa najisi na kila alichokalia kilikuwa najisi. Yule wa pili alisamehewa, na pamoja na msamaha akapewa amani ya kutoka nje ya nyumba ile kichwa kikiwa juu.

Nasema haya nikijua yanavyopotoshwa siku hizi. Kwa sababu wokovu unagusa mwili, wapo wanaouuza kwa chupa: mafuta ya upako, maji ya upako, kitambaa cha upako, na mbegu ya fedha ambayo mjane anaambiwa aipande ili kesi yake ya kiwanja iishe. Nimekaa na mama mmoja aliyepanda mbegu hiyo mara nne, ikiwemo ada ya muhula mzima ya mwanawe, na alipoona mavuno hayaji aliambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Yesu hakumwambia hivyo yule mwenye kutokwa na damu, ambaye tayari alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga. Hakumdai hata senti. Mahali popote ambapo maskini anatoka akiwa maskini zaidi na mhubiri akiwa tajiri zaidi, kinachofanyika hapo kitafutiwe jina lingine.

Imefanyikaje basi kazi hii ya kuokoa? Hapa Agano Jipya linatumia picha nyingi, za mahakamani, za madhabahuni, za vitani, lakini nitakaa na moja tu, kwa sababu pwani yetu inaijua kwa uchungu. Yesu alisema kwamba Mwana wa Adamu alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi." Fidia ni kikomboleo, na kukomboa, kabla halijawa neno la siasa na la mahubiri, lilikuwa neno la rehani na la watumwa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanza kazi Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watu kwa maana hiyo kabisa, fedha mkononi, wengi wao wakiwa watoto, mahali ambapo misafara kutoka bara iliishia na majahazi ya kwenda Unguja yalingojea.

Nendeni Mkunazini, Unguja, mkaone kanisa kuu la Waanglikana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa juu ya uwanja ule ule. Mapokeo ya mahali pale yanasema kwamba madhabahu imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, ambaye kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja ni mojawapo ya sababu zinazotuwezesha leo kubishana juu ya okoka na okolewa kwa lugha yetu wenyewe. Nilipofika pale mara ya kwanza, mwongozaji alitupeleka kwanza kwenye chumba cha chini cha jengo la jirani, chenye dari ya chini kiasi kwamba mtu mzima hainuki, na minyororo imewekwa pale ili wageni waione. Halafu akatupandisha, tukavuka ua, tukaingia kanisani. Alituonyesha sakafuni, mbele ya madhabahu, duara la marumaru nyeupe, akasema, "Hapa." Hakuongeza neno. Mama mmoja katika kundi letu alivua viatu.

Mtumwa aliyesimama katika soko lile hakuwa na sauti katika bei yake. Hakuchangia. Hakuahidi kwamba atakuwa mtu mwema iwapo atakombolewa. Mtu akimkomboa, alitembea kutoka pale akiwa hana cha kujivunia, na wakati huo huo akiwa na kila kitu cha kufurahia. Hivyo ndivyo Paulo anavyosema, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Watoto wetu wa kipaimara hufundishwa maelezo ya sehemu ya pili ya imani katika Katekisimu Ndogo ambayo Luther aliiandika mwaka 1529, kwamba Kristo amenikomboa mimi mwanadamu niliyepotea, si kwa dhahabu wala fedha, ila kwa damu yake ya thamani. Wanakariri, wanasahau nusu, Mchungaji anawapitisha kwa huruma. Ningependa kila kundi la kipaimara lipelekwe Mkunazini walau mara moja, likakariri maneno hayo pale palipo na duara lile.

Picha hiyo ina mpaka wake, na ni vizuri kuusema kwa sababu watu wazima huuliza na watoto huuliza zaidi: kama kulikuwa na malipo, aliyepokea ni nani? Je, Mungu alimlipa Shetani? Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alilikataa wazo hilo kwa ukali, akiona ni aibu kudhani kwamba mnyang'anyi alipwe, na malipo yenyewe yawe Mungu mwenyewe. Nami nakubaliana naye. Fidia inatuambia gharama ya kukombolewa kwetu na ni nani aliyeibeba. Tukiifanya kuwa hati ya mauzo yenye muuzaji na mnunuzi tunaipeleka mahali ambapo Maandiko hayakuipeleka. Vivyo hivyo wale wanaohubiri kana kwamba Baba alikuwa na hasira na Mwana mwenye huruma akamtuliza, wanasahau kwamba Mungu ndiye aliyeupenda ulimwengu hata akamtoa Mwanawe.

Nirudi kwenye Uamsho, kwa kuwa ndio uliotupa swali la "Umeokoka?" Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa pamoja katika Maandiko na maombi. Daktari yule alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na katika miaka ya 1930 moto ukawaka kutoka huko, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukisafiri na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Neno walokole tulilolizoea ni la Kiganda hicho hicho, maana yake waliookolewa. Tazameni: jina lenyewe, asili yake, linawataja kama watu ambao jambo fulani limetendwa kwao.

Wale wa mwanzo walisema lazima kutembea nuruni, na maana yake haikuwa ya kishairi. Walirudisha vitu. Watu waliokuwa wameiba mashuka ya hospitali, vyombo na fedha waliyabeba na kuyarudisha mchana kweupe, na hilo liliwashtua majirani kuliko nyimbo.

Niwape habari ya nyumbani kwetu, Kilimanjaro. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kihamba kilichopakana na cha jirani, na mpaka ulikuwa mstari wa masale, kama ilivyo desturi ya Wachaga. Kwa miaka kadhaa, kila mvua za masika zilipolainisha udongo, babu alipanda chipukizi la sale hatua moja upande wa jirani, na chipukizi liliposhika akang'oa la zamani. Hakuna aliyemwona, au waliomwona walinyamaza, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na sauti yake ilikuwa kubwa. Usiku mmoja, katika mkutano wa wana-uamsho, alitubu. Asubuhi yake alimwamsha baba yangu, wakati huo mtoto wa miaka tisa hivi, akamkabidhi panga, naye akabeba jembe, wakaenda hadi kwa jirani. Mkononi babu alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwa Wachaga jani hilo ni ombi la msamaha, na kumkatalia aliyelileta ni jambo zito mno. Kisha mbele ya jirani akaanza kuchimba masale, moja baada ya jingine, na kuyarudisha mahali yalipokuwa. Katika ukanda ule alioula kulikuwa na mibuni 11 iliyokwisha kuzaa na migomba minne, mmoja ukiwa na mkungu. Aliviacha vyote. Baba alikuwa akituambia kwamba jirani hakusema neno hadi sale la mwisho lilipoingia ardhini, ndipo akamwita mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mlokole hanywi mbege. Babu alikunywa kidogo, kwa sababu siku ile kukataa kungekuwa dhambi kubwa zaidi. Wenzake walimsema kwa hilo miezi mingi.

Nimekaa hapo kwa sababu ndipo Zakayo alipo. Wengi husimulia habari yake kana kwamba alitoa nusu ya mali, akaahidi kurudisha mara nne, na ndipo Yesu akampa wokovu kama stakabadhi. Isomeni tena. Angali juu ya mkuyu, hajasema lolote, anaitwa kwa jina: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Mgeni anajialika kwa mnyang'anyi, watu wote wananung'unika, na ni baada ya kupokelewa ndipo mkono wa Zakayo unapofunguka. "Leo wokovu umefika nyumbani humu," asema Yesu. Umefika kwa miguu, na umefika katika nyumba ambayo ndani yake kuna mali za watu. Hauwezi kukaa humo na mali hizo zikabaki. Hata yule mlinzi wa gereza la Filipi, saa ile ile ya usiku, kabla hajabatizwa, aliwaosha mitume mapigo yao. Bakora zile walipigwa kwa amri ya wakubwa wa mji, naye ndiye aliyewafunga miguu kwa mkatale. Maji yake ya kwanza aliyatumia kwa vidonda vya watu, kisha yakaja maji ya ubatizo.

Ndugu zangu, ninalazimika kupita mahali pagumu. Gahini iko Rwanda. Nchi ambako moto wa Uamsho uliwaka ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na Ntarama, Nyamata na Nyarubuye ni majina ya makanisa ambamo watu waliokimbilia wakiwa na watoto wao mgongoni waliuawa, mara nyingine na watu waliobatizwa kama wao. Anayezungumza juu ya wokovu katika eneo letu hili la Maziwa Makuu na asilitaje hilo, mimi siwezi kumsikiliza. Sina maelezo yatakayolifanya liwe jepesi. Ninaloona ni kwamba "nimeokoka" inaweza kusemwa kwa miaka mingi bila kumgusa jirani, na kwamba mtu anaweza kukumbuka siku ya kuongoka kwake na asimtambue tena aliyemwokoa anapokuja na sura ya kabila lingine. Lakini pia naona Nyamata ina jina jingine. Huko ndiko mchungaji Yona Kanamuzeyi, mwana-uamsho, alikowahudumia Watutsi waliokuwa wamefukuzwa makwao, na Januari 1964 askari walimchukua wakamwua kando ya mto Nyabarongo. Neno lile lile la kuokoka lilikuwa kinywani mwake. Tofauti ilikuwa kwamba yeye aliendelea kuokolewa hadi saa ile.

Nanyi ndugu zetu Wakatoliki, msidhani tumewasahau. Kwa karne nne na zaidi tulitupiana laana juu ya jambo hili hili, sisi tukisema mnaokolewa kwa matendo, ninyi mkisema imani yetu ni ya mdomo. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja, na Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Tunakiri kwa kinywa kimoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema peke yake, kwa kuamini kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho hutufanya upya na kutuita katika matendo mema. Inasikitisha kwamba miaka mingi baadaye bado kuna misiba ambayo Mlutheri na Mkatoliki wanabishana kana kwamba karatasi ile haijaandikwa.

Sasa nije kwako, kijana wangu. Mhubiri wa msibani alikuwa na ushahidi mmoja dhidi ya bibi yako, kwamba hakutamka neno fulani. Bwana wetu ametuonyesha hukumu mara mbili katika Injili ya Mathayo, na mara zote mbili watu wanashangaa. Wapo watakaomwambia, "Bwana, Bwana," wakimhesabia unabii na miujiza waliyoifanya kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Na wapo walio mkono wa kuume, watakaouliza, "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa tukakulisha?" Hao hawakuwa na habari. Sitaki kutokana na hayo mtu yeyote aseme kwamba kukiri hakuna maana. Yohana aliandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele," na ningependa bibi yako angekuwa na furaha ya kulisema wazi, kwa maana alinyimwa kitu kizuri na wale waliomfundisha kwamba kujua ni kujivuna. Lakini kukosa furaha ya kujua ni tofauti na kukosa wokovu wenyewe. Funguo za mauti na za kuzimu ziko mkononi mwa yule aliyekufa akawa hai, na hakumkabidhi mhubiri yeyote wa msibani.

Kabla hatujaachana Jumapili ile nilikuuliza bibi alikuwa akiomba nini jioni. Ukaniambia kwamba alikuwa akisema Baba Yetu kwa lugha ya nyumbani, halafu, kabla ya kuzima koroboi, alirudia kwa Kiswahili mara tatu, "Yesu, Mwana wa Daudi, unirehemu." Ulidhani ni mazoea tu ya wazee. Maneno hayo ni ya Bartimayo, kipofu wa Yeriko, ambaye watu walimkemea anyamaze na hakunyamaza. Fungua Marko sura ya 10 usiku huu, usome alivyojibiwa. Katika Biblia yako utakuta imeandikwa, "Enenda zako, imani yako imekuponya," na neno lililoko hapo katika Kigiriki ni lile nililowaonyesha mapema, lile alilotumia kwa mwanamke aliyelia nyumbani kwa Simoni.